Asilimia sita ambayo haikuwa yake: kisa cha kadi ya mkopo kati ya Ujiji na Marekani

Kabla ya kisa

Nafundisha uwekaji hesabu kwenye vikundi vya kuweka na kukopa hapa Kigoma. Wanachama wengi ni akina mama wa dagaa wa Kibirizi na wauza mawese. Swali la kadi ya mkopo, ile unayonunulia kwa pesa ya benki kisha ukailipa baadaye, huwa halifiki mezani kwangu. Huku kwetu kadi ni ile ya kutolea pesa kwenye ATM, na mkopo ni wa kikundi, wa benki kwa dhamana ya mshahara, au, mambo yakiharibika kabisa, wa kausha damu. Kisa hiki kilinijia kupitia mwanakikundi mmoja ambaye dada yake yuko Marekani. Nakiandika kirefu kwa sababu watu wengi wa mkoa huu wana ndugu huko, na ndugu hao wakikwama kwenye mambo ya pesa wanapiga simu nyumbani.

Majina nimeyabadilisha. Jimbo anakoishi, mahali anapofanya kazi na benki iliyotoa kadi yake ya zamani nimeviacha nje. Tarakimu ni zake, kwa ruhusa yake, ila senti chache nimezizungusha.

Kuhusu jina la kitu chenyewe: ile pesa ambayo kampuni ya kadi inakurudishia baada ya kununua nitaiita keshibaki. Darasani nilijaribu kuiita "marejesho" wakanicheka. Marejesho kwetu ni ile pesa unayoipeleka kikundini siku ya kikao ukiwa umenuna.

Zaina na nyumba ya Ujiji

Zaina alizaliwa Ujiji, akaondoka mwaka 2017. Kazi yake ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, zamu za usiku. Akitoka kazini asubuhi ya kwao, kwetu ni alasiri, na ndio muda tuliokuwa tukiongea. Mama yake bado yupo Ujiji, kwenye nyumba ya tofali ambayo paa lake linavuja upande wa chumba cha kulala. Kaka yake, nitamwita Hamisi, ana duka la vipuri vya pikipiki Mwanga na ndiye mwanakikundi wangu. Kila mwezi Zaina alikuwa anatuma dola 250, zaidi ya laki sita kwa viwango vya mwaka 2024, na hakuwahi kusahau kuongeza ya kutolea.

Februari 2024 mfanyakazi mwenzake alimwambia kuna kadi inayorudisha asilimia 6 ya pesa ya chakula. Zaina alikuwa anakula kwa dola 420 kwa mwezi. Akapiga hesabu kichwani, akapata dola 25 kila mwezi, akaona hizo ni bati kadhaa za mama kwa mwaka. Kabla ya kuomba akampigia Hamisi, na Hamisi akanipa simu nikiwa nimekaa pale dukani kwake nasubiri mvua ipite.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hiyo asilimia 6 anailipa nani?"

Hakujua. Mimi pia sikuwa najua vizuri siku ile, na jambo hili ndilo linalofungua mengine yote. Kwa kifupi ni hivi: ukilipa kwa kadi, muuzaji hapati bei yote. Anakatwa, na sehemu ya makato hayo inaenda kwa benki iliyokupa kadi. Benki inakurudishia kidogo ili uendelee kuitumia, na inapata zaidi kwa wale wanaochelewa kulipa deni, maana hao wanatozwa riba. Huko Marekani mchezo huu ulianza kushika kasi mwaka 1986 kadi ya Discover ilipoingia sokoni na keshibaki. Ulaya mambo ni tofauti. Tangu 2015 sheria ya Umoja wa Ulaya imeweka ukomo wa asilimia 0.3 kwa sehemu ya makato inayokwenda kwa benki iliyotoa kadi ya mkopo, kwa hiyo keshibaki za huko ni nyembamba. Mtu mwenye ndugu Ubelgiji asizitegemee hesabu za hapa chini.

Mambo yalivyokwenda

Nilimwomba Zaina anitumie taarifa za akaunti za miezi mitatu, Novemba 2023 hadi Januari 2024, benki na kadi yake ya zamani. Alizituma kwa WhatsApp, picha ishirini na kitu, nyingine zimekatika pembeni. Nilizinakili kwenye daftari la mistari, lile ninalotumia na vikundi. Wastani wa mwezi ulikuwa huu, kwa dola:

Kodi ya nyumba 1,150
Chakula 420
Kutuma nyumbani 250
Mafuta ya gari 160
Bima ya gari 140
Umeme na gesi 120
Simu na intaneti 95
Nguo, dawa, kula nje na mengineyo 170

Kodi tuliitoa haraka. Mwenye nyumba anapokea kadi, lakini anaongeza karibu asilimia 3 juu, na hakuna keshibaki ya kufidia hilo. Umeme nao una ada ya kadi, kwa hiyo anaulipa kutoka benki moja kwa moja. Zilizobaki kupita kwenye kadi, ukiacha pesa ya kutuma, ni dola 985 kwa mwezi, yaani 11,820 kwa mwaka.

Halafu nikafanya kosa. Nilichukua ile 420 ya chakula yote nikaizidisha kwa asilimia 6. Kadi iliyokuwa ikisemwa ni Blue Cash Preferred ya American Express, ambayo kwa masharti ya 2024 ilitoa asilimia 6 kwenye supamaketi za Marekani hadi dola 6,000 kwa mwaka, asilimia 3 kwenye vituo vya mafuta, na asilimia 1 kwingine, kwa ada ya dola 95 kila mwaka kuanzia mwaka wa pili. Kwa hesabu yangu Zaina angepata dola 408.60 kwa mwaka, toa ada, abaki na 313.60. Nikaipigia mstari chini, nikapiga picha ukurasa, nikatuma. Hamisi alifurahi sana. Mimi pia, nisiseme uongo.

Wiki iliyofuata Zaina alinitumia picha ya masharti yenyewe, maandishi madogo, na duara la kalamu nyekundu kwenye sentensi moja. Maduka makubwa yanayouza kila kitu hayahesabiwi kuwa supamaketi. Chini yake akaandika: "Mwalimu, mimi nanunua Walmart."

Ikabidi tufungue chakula chake upya. Risiti za Walmart zilifika dola 260 kwa mwezi. Dola 90 zilikuwa za duka la Waafrika, linaloendeshwa na Mkongo wa Uvira anayeongea Kiswahili cha upande wa pili wa ziwa: unga wa muhogo, dagaa, mawese kwenye chupa iliyotumika. Supamaketi halisi, ile ambayo kadi ingeitambua, ilikuwa na dola 70 tu. Kila duka linalopokea kadi lina namba ya aina ya biashara yake. Supamaketi ni 5411. Duka la Mkongo lilikuwa 5499, maduka mchanganyiko ya vyakula. Mashine inaisoma namba hiyo, wala haijali kwamba wewe umetoka na unga.

Kwa hiyo asilimia 6 ya Zaina ilikuwa asilimia 6 ya dola 70. Yaani dola 4.20 kwa mwezi.

Jambo la pili lilikuwa kwenye picha zilizokatika pembeni. Kwenye kadi yake ya zamani, mara tatu mfululizo, kulikuwa na mstari wa dola 12.50 ambao sikuuelewa. Nilimuuliza, naye akauliza benki. Ilikuwa ada ya kutoa taslimu. Zaina alikuwa amesikia kwamba ukitumia kadi ya mkopo unapata keshibaki kwa kila unachofanya, akaamua ile 250 ya mama aitume kwa kadi hiyo kupitia programu ya kutuma pesa. Benki yake, kama zilivyo benki nyingi, huchukulia kutuma pesa sawa na kuchota noti: hakuna keshibaki, kuna ada ya asilimia 5, na riba inaanza siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe ya bili. Riba ya aina hiyo kwake ilikuwa asilimia 29.99. Siku 24 za dola 250 zilikula karibu dola 5. Alitaka apate dola chache, akalipa zaidi ya 17. Mara tatu, zaidi ya dola 50.

Na jambo la tatu, ambalo alilisema mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa: kwenye kadi hiyohiyo alikuwa anadaiwa dola 1,300, kwa riba ya asilimia 27, na ukomo wake wa kukopa ulikuwa 1,500. Kila mwezi analipa 80.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kutoomba kadi yoyote. Deni la 1,300 kwa asilimia 27 linazaa riba ya dola 29 na senti 25 kwa mwezi, kama 351 kwa mwaka. Hakuna kadi kwenye daftari langu iliyofika hapo. Kuomba kadi ya keshibaki huku unadaiwa hivyo ni kuteka maji mto Luiche kwa ndoo iliyotoboka. Sababu nyingine ni alama za mkopo, yaani namba ambayo mkopeshaji wa huko anaitazama kujua kama wewe ni mlipaji mzuri. Kwenye alama za FICO, ambazo zinatumika sana huko, kiasi unachodaiwa kina uzito wa asilimia 30, na mtu aliyetumia 1,300 kati ya 1,500 anaonekana amefika shingoni. Angeweza kukataliwa, na ombi lenyewe likabaki kwenye rekodi.

Pesa ya kulipia deni ingetoka wapi? Hapo tulikaa sana. Zamu za ziada hakutaka, mgongo ulikuwa unamuuma. Mwishoni Zaina mwenyewe alisema: apunguze ya nyumbani. Kutoka 250 hadi 100, na 150 inayobaki iongezwe kwenye ile 80. Kwa 230 kila mwezi deni lingeisha kwenye malipo ya saba. Hamisi aliahidi kuziba pengo la mama kwa kiasi anachoweza kutoka dukani. Tukaanza Mei 2024. Kutuma pesa kukarudi kwenye akaunti ya kawaida siku ileile, bila kadi ya mkopo.

Uamuzi wa pili ulifanyika Desemba 2024, deni likiwa limeisha. Nililinganisha kadi tatu kwa ile 985 yake, si kwa matangazo. Zawadi za kukaribishwa niliziweka pembeni kwa sababu zinabadilika kila baada ya miezi michache.

Blue Cash Preferred: supamaketi 4.20, mafuta 4.80, vingine 7.55. Jumla 198.60 kwa mwaka, ukitoa ada 103.60. Ukilinganisha na ukurasa wangu wa kwanza, dola 210 zimeyeyuka kwa sababu ya sentensi moja yenye duara jekundu.

Citi Double Cash: asilimia 1 ukinunua na asilimia 1 nyingine unapolipa bili, haibagui duka, haina ada ya mwaka. Jumla 236.40.

Discover it: asilimia 5 kwenye aina za maduka zinazobadilika kila robo mwaka, hadi dola 1,500 za manunuzi kwa robo, lakini lazima ubonyeze kukubali kila robo, usipobonyeza unapata asilimia 1 tu. Nilikadiria robo moja ya mafuta, moja ya supamaketi, moja ya migahawa, na moja isiyomhusu: 153 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza kampuni inazidisha mara mbili chote ulichopata, kwa hiyo 306.

Hamisi aliikamata hiyo 306 na hakuiachia. "Mwalimu, mia tatu na sita ni kubwa kuliko mia mbili thelathini na sita. Hii ni hesabu ya darasa la pili."

Nikamuuliza Zaina mara ya mwisho kufanya jambo kabla ya tarehe yake kupita ilikuwa lini. Akacheka, akasema hata bima ya gari aliwahi kuilipa siku tatu baada ya kukumbushwa. Nikasema basi kadi ya kubonyeza si ya mtu wa zamu za usiku. Tukachagua ile ya asilimia 2, na kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata kadi haijafika kwa posta, ni kuweka benki ilipe bili yote yenyewe kila mwezi.

Kulikuwa na swali la riba pia, kwa maana ya dini. Zaina aliuliza kama kusaini mkataba wenye kipengele cha riba ni sawa hata kama hutailipa. Mimi ni mtu wa daftari. Nilimwambia amuulize shehe wake, akamuuliza, na walichoongea hakikuwa changu kukiandika.

Matokeo

Deni liliisha Novemba 2024 kama tulivyopanga, malipo ya saba yakiwa ya dola 26 tu.

Mwaka 2025 wote Zaina alitumia kadi mpya na akarudishiwa dola 229. Upungufu kutoka 236.40 unaelezeka. Julai alikuja nyumbani kwa mwezi mzima, na mwezi huo kadi ililipa bima, simu na kitu kimoja tu cha safari. Riba aliyolipa mwaka huo ilikuwa sifuri.

Kuja kwenyewe kulitufundisha kitu. Kadi ile inatoza asilimia 3 kwa manunuzi ya nje ya Marekani, kwa hiyo ukiwa Tanzania unarudishiwa 2 na kukatwa 3. Aliitumia mara moja, nyumba ya wageni Dar, dola 120, akapoteza dola 1.20. Kigoma hakuhitaji kuitoa pochini. Niliongozana naye Kibirizi asubuhi moja kununua dagaa wa kupeleka kwa wifi. Yule mama wa dagaa alikuwa na kibao cha Lipa Namba kimefungwa kwa mpira kwenye ndoo, kimepauka, na juu yake magamba. Zaina akalipa kwa simu ya Hamisi. "Hapa ningepata asilimia ngapi?" akaniuliza. Nikamwambia punguza bei, ndiyo keshibaki ya hapa. Akapunguziwa elfu mbili.

Bati za mama zilipigwa Agosti.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya kingine chochote ni zile picha ishirini na kitu. Mtu akikuambia anatumia 420 kwa chakula anasema kweli, lakini anasema kwa lugha ya jikoni. Kadi inasoma kwa lugha ya namba ya duka. Mpaka uone jina la duka kwenye kila mstari, hujui asilimia yako. Kwa mtu anayenunua chakula kwenye supamaketi za kawaida, kadi ya asilimia 6 ingekuwa nzuri kweli. Kadi pacha yake, Blue Cash Everyday, inatoa asilimia 3 bila ada, kwa hiyo tofauti ya asilimia 3 inalipa ile 95 ukifikisha takriban dola 3,167 za supamaketi kwa mwaka, kama 61 kwa wiki. Zaina alikuwa na 70 kwa mwezi.

Kulipa deni kwanza kulifanya kazi pia, na nadhani kungefanya kazi hata kama tungechagua kadi mbaya kuliko zote tatu. Riba ya kadi za mkopo Marekani imekuwa juu ya asilimia 20 kwa wastani tangu 2023. Hapa Kigoma tunaisema vibaya kausha damu, na inastahili, lakini kadi inayotabasamu ikilipwa kidogo kidogo nayo inakausha, ila polepole na kwa herufi nzuri.

Kilichoshindikana, nianze na changu. Ukurasa wa kwanza niliutuma kabla sijasoma masharti. Kama Zaina angekuwa mtu wa kuamini kila mwalimu anachoandika, angeomba kadi siku ileile. Aliyeokoa jahazi ni yeye na kalamu yake nyekundu.

Kosa langu la pili nililigundua mwaka mmoja baadaye, nikiandika kisa hiki. Kwenye ile kadi ya kubonyeza, Hamisi alikuwa na haki kuliko mimi. Hebu tuseme Zaina angesahau kubonyeza robo zote nne. Angepata asilimia 1 kwa kila kitu, 118.20, na mwisho wa mwaka wa kwanza kampuni ingezidisha mara mbili: 236.40. Senti kwa senti sawa na kadi niliyoichagua. Yaani kwa mwaka wa kwanza usahaulifu wake haukuwa na gharama yoyote, na kila robo ambayo angekumbuka ingekuwa faida. Nililitazama tatizo la tabia yake nikaacha kulipigia hesabu. Ukichukua miaka miwili, kadi ya asilimia 2 inarudi juu kidogo, 472.80 dhidi ya 459. Lakini mtu angeweza kuanza na ile na kuhamia hii. Nimemwambia Hamisi hivyo mbele ya kikundi kizima, na kikao hicho hatakisahau.

Upande wa nyumbani tuliukosea kwa namna nyingine. Kwa miezi saba mama wa Ujiji alipokea 100 badala ya 250, na hakuna aliyemweleza sababu. Zaina aliona aibu kutaja deni. Hamisi aliona ni siri ya dada yake. Mimi niliona si mahali pangu. Mama naye, kama mama yeyote, akajaza mwenyewe: mwezi wa kwanza mtoto anaumwa, mwezi wa tatu amefukuzwa kazi, mwezi wa tano jirani akamwambia huko watu wakiolewa husahau kwao. Alianza kulala na njaa za makusudi ili aweke akiba "ya kumrudishia nauli". Pesa aliyofunga kwenye kanga, elfu themanini, Zaina aliikuta Julai. Hesabu yetu ya deni ilikuwa sahihi mpaka senti ya mwisho, na safu ya mama haikuwamo. Siku hizi mtu akiniletea mpango wa kupunguza pesa ya nyumbani, swali langu la kwanza ni nani atamwambia mpokeaji, na lini.

Kuna kasoro nyingine ambayo haikuonekana kwenye matokeo kwa sababu ilijificha ndani yake. Miezi mitano ya mwanzo ya kadi mpya, lile fungu la nguo na mengineyo lilipanda kutoka 170 hadi 230. Hakununua kitu kikubwa. Ni vitu vya dola 9, dola 14, saa tisa usiku, kwa simu, wakati wazee wamelala. Dola 300 za ziada zilimletea keshibaki ya dola 6. Alipoziona alifuta namba ya kadi kwenye simu, ili kila akitaka kununua ainuke akachukue pochi kwenye kabati la wafanyakazi. Fungu likarudi karibu na lilipokuwa. Sikumfundisha mimi hilo.

Jambo la mwisho bado linaendelea. Mwezi uliopita alikwenda kwa yule Mkongo wa unga wa muhogo, akajaza kapu la dola 90, akatoa kadi. Mzee akaiangalia ile kadi, akamwangalia yeye.

"Dada, hiyo mashine inanikata. Ukinipa noti nakutolea dola nne."

Asilimia 2 ya 90 ni dola 1.80. Zaina akairudisha kadi kwenye pochi, akavuka barabara kwenda ATM.